Safari ya Kigoma Haipimwi kwa Kilomita

Ukiwa Tabora ukaiuliza simu njia ya Kigoma, itakujibu kwa tarakimu mbili: kilomita na saa. Kilomita hazina shida. Shida iko kwenye saa. Simu hukisia muda kutokana na urefu wa njia na mwendo wa magari yaliyopita huko nyuma. Mara nyingi haina habari kwamba jana usiku mvua imenyesha Uvinza, kwamba kalavati limezibwa na magogo, au kwamba lori lenye tela limelala mkingamo tangu alfajiri na foleni inazidi kurefuka pande zote mbili. Msafiri anayeiamini tarakimu hiyo huondoka amechelewa, hubeba maji ya kunywa machache, na giza humkuta mahali asipopajua.

Watu wengi hudhani safari ndefu huharibiwa na bahati mbaya. Sisi tunaoshughulika na barabara tunaona jambo jingine: mara nyingi safari huharibika kwenye hesabu, kabla gari halijawashwa. Mkoa wa Kigoma unaonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengi nchini, kwa sababu una kila kitu kinachoweza kuivuruga hesabu hiyo: mvua inayofuata kalenda tofauti na ya Dar es Salaam, mto mkubwa wenye mabwawa mapana, milima inayotelemka ghafla ziwani, na barabara ambazo lami yake imejengwa kipande kwa kipande kwa miaka mingi.

Kipande kibovu ndicho kinachoamua

Chukua safari ya kilomita 300. Kati ya hizo, 250 ni lami na dereva anakwenda kilomita 80 kwa saa. Zilizobaki 50 ni udongo ulioloa, na hapo anajikokota kwa kilomita 10 kwa saa. Lami itamchukua saa 3 na dakika 8 hivi. Udongo utamchukua saa 5. Jumla ni saa 8 na ushei. Lakini dereva huyo, alipokuwa akipanga safari, alijiambia kwamba njia nzima ataikata kwa wastani wa kilomita 60, kwa hiyo alitegemea saa 5. Amekosea kwa saa 3, wala hakuna kilichoharibika njiani.

Sasa tazama anavyojaribu kuufidia muda huo. Akipandisha mwendo kwenye lami kutoka 80 hadi 100, ataokoa dakika zisizofika 40, tena kwa kujiweka hatarini katika vijiji vyote anavyopita. Lakini mvua ikizidi, na mwendo wake kwenye udongo ukishuka kutoka kilomita 10 hadi 5 kwa saa, anaongezewa saa 5 nyingine. Habari ya uhakika kuhusu zile kilomita 50 ina thamani kuliko injini yenye nguvu. Kanuni ya kwanza ya kupanga safari ndiyo hii: anza na kipande kibovu kuliko vyote, kipigie hesabu peke yake, kisha lami uiongeze mwishoni.

Kanuni hii inahitajika zaidi leo kuliko zamani. Njia ya Kigoma ilipokuwa vumbi na tope tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyeidharau. Kila mtu alibeba chakula cha akiba na jembe. Mambo yamebadilika. Daraja la Kikwete lililofunguliwa mwaka 2015 limewapa magari njia imara ya kuvuka Mto Malagarasi. Upande wa kaskazini, njia ya zaidi ya kilomita 300 inayopita Kidahwe, Kasulu, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi imekuwa ikijengwa kwa awamu. Upande wa Tabora, lami imesogea kupitia Urambo na Kaliua. Haya ni maendeleo ya kweli, na watu wa Kigoma waliyasubiri kwa muda mrefu. Ila yameleta dereva wa aina mpya: anayezoea mwendo wa lami kwa saa nne mfululizo, kisha anaingia kwenye kipande cha udongo au cha matengenezo akiwa bado na mwendo uleule na matumaini yaleyale.

Kalenda ya mvua si moja

Mkazi wa Dar es Salaam ana kalenda yake kichwani: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei, na katikati yake, Januari na Februari, jua kali. Akipanga kwenda Kigoma Januari akidhani ni kiangazi, ameangukia katikati ya mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka sehemu kubwa ya mkoa wa Kigoma katika maeneo yanayopata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, pamoja na Tabora, Katavi na Rukwa. Wilaya za Kakonko na Kibondo, zilizo kaskazini mwa mkoa huohuo, huwekwa pamoja na ukanda wa Ziwa Victoria wenye misimu miwili. Kwa hiyo msafiri anayetoka Nyakanazi kwenda Uvinza anavuka mpaka wa hali ya hewa ndani ya siku moja. Utabiri wa mkoa aliotokea haumtoshi.

Zaidi ya hapo kuna suala la mto. Malagarasi hukusanya maji kutoka eneo la takriban kilomita za mraba 130,000, likiwemo bonde la Moyowosi (au Muyovozi) na mabwawa yake. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Mabwawa ya ukubwa huo hupokea mvua, huyazuia maji, kisha huyaachia polepole. Matokeo yake ni kwamba mto unaweza kuendelea kujaa wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Mwezi Mei mbingu ni safi, vumbi limeanza kutimka Kasulu, na msafiri anadhani msimu umekwisha, kumbe kwenye tambarare za chini maji bado yako kando ya barabara. Anga la leo linakueleza kuhusu mvua ya leo. Kuhusu mto, inabidi uulize mvua ya mwezi uliopita.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kalenda hii vizuri sana katika karne ya 19. Walikuwa wakianza safari za pwani baada ya mavuno, kiangazi kinapoingia, na walitaka kurudi kwao kabla ya msimu wa kupanda. Wageni waliowaajiri hawakufuata utaratibu huo kila mara. Wavumbuzi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, lakini ucheleweshaji wa njiani uliwafikisha Ziwa Tanganyika Februari 13, 1858, katikati ya mvua, Speke akiwa haoni vizuri na Burton hajiwezi kwa miguu. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika yakiingia, na tambarare ya Mkata katika Morogoro ya leo ikamkuta imefurika. Alifika Ujiji miezi kadhaa baadaye, baada ya kuzunguka kusini kuikwepa vita ya mtemi Mirambo, na kwenye kivuko cha Malagarasi mamba alimchukua punda wake mmoja. Silaha walikuwa nazo. Walichokosa ni kuwasikiliza wenye njia.

Upande huohuo una somo pia kwa anayesema, "Mimi nitapanda treni, barabara hainihusu." Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na umbali wake kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Mto Mkondoa katika eneo la Kilosa na Gulwe yalibomoa njia ya reli, na safari zikasimama kwa miezi. Msafiri wa Kigoma alikwamishwa na maji yaliyokuwa mamia ya kilomita kutoka nyumbani kwake. Ukipanga safari ndefu, tazama hali ya hewa ya njia nzima.

Chini ya tairi kuna udongo gani?

Barabara ya udongo hubadilika jina mara tatu kwa siku: asubuhi inateleza, mchana inapitika, jioni baada ya mvua imefungwa. Kinacholeta mabadiliko hayo ni aina ya udongo na kiasi cha maji yaliyomo.

Udongo wa changarawe, ule mwekundu wenye kokoto ambao madereva huuita moramu, hubeba gari vizuri ukiwa mkavu na umeshindiliwa. Barabara ya moramu iliyojengwa sawasawa huinuka katikati na kushuka kidogo pande zote mbili, ili maji yakimbilie kwenye mitaro. Umbo hilo likipotea, au mitaro ikiziba, maji hutuama juu ya barabara na kupenya ndani. Chembe zilizokuwa zimeshikana zinaachana, na uwezo wa barabara kubeba uzito unaporomoka. Ndiyo sababu kazi ya mhandisi wa barabara huanzia kwenye njia ya maji.

Mfinyanzi ni habari nyingine. Chembe zake ni ndogo mno na bapa, na maji hujipanga kati yake kama utando. Ukiloa juu tu, hata kwa manyunyu ya dakika 15, tairi linateleza ingawa chini bado ni kugumu. Tope linajaza meno ya tairi, na tairi jipya linageuka kipara. Ubaya zaidi uko kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopatikana kwenye tambarare na mabondeni. Huo huvimba ukinywa maji na hupasuka ukikauka, kwa hiyo barabara iliyolazwa juu yake bila matayarisho hupinda na kuzama. Kiangazi, tabaka la juu huonekana gumu kabisa. Mvua ikinyesha siku mbili, lori linazama hadi ekseli.

Hata kukiwa kukavu, udongo una mtego wake. Mawimbi madogo yanayokatiza barabara na kutetemesha gari zima hayatokani na uzembe wa greda pekee. Mwaka 2007 wanafizikia kutoka Ufaransa, Kanada na Uingereza walionyesha kwa majaribio kwamba gurudumu linalopita juu ya mchanga mkavu kwa mwendo unaozidi kiwango fulani hutengeneza mawimbi hayo lenyewe, hata kama halina springi. Madereva wengi wamegundua kwamba wakikimbia sana mtetemo hupungua, kwa sababu tairi linagusa vilele tu. Lakini tairi linalogusa vilele tu halishiki ardhi. Usukani na breki vinabaki na kazi ndogo mno ya kufanya, na kona ikitokea gari linakwenda moja kwa moja.

Tuangalie breki zenyewe kwa hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 33 katika sekunde moja na nusu, muda ambao dereva anakiona kizuizi mbele na kufikisha mguu kwenye breki. Baada ya hapo, kwenye lami kavu na tairi nzima, linahitaji mita 36 hivi kusimama. Kwenye changarawe iliyolegea, msuguano ukipungua kwa nusu, linahitaji mita 72. Kwenye mfinyanzi ulioloa linaweza kuhitaji zaidi ya mita 120. Jumlisha na zile 33 za mwanzo, upate urefu unaozidi uwanja wa mpira. Mwendo uliokuwa salama kwenye lami dakika moja iliyopita haufai kabisa mahali lami inapoishia. Punguza mwendo kabla ya kufika hapo, gari likiwa bado kwenye lami, kwa sababu breki inayokanyagwa juu ya changarawe ndiyo inayopindua gari.

Maji yaliyokatiza njia

Hakuna jambo linalodharauliwa kama maji yasiyofika gotini. Dereva anayatazama, anaona upande wa pili uko karibu, anaona bodaboda imepita, naye anaingia. Tupige hesabu. Gari dogo lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.7 lina eneo la chini la karibu mita za mraba 6.8. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu yake hulisukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 680 hivi, kabla maji hayajaanza kuingia ndani. Sentimita 20 ni zaidi ya kilo 1,300. Magari mengi madogo tunayoyatumia yana uzito wa tani moja na kidogo. Kwa hiyo, maji yakiipita sakafu kwa kina cha kiganja kimoja tu, tairi zinaweza kuacha kugusa ardhi, na mkondo unalisukuma gari popote unapotaka. Gari kubwa lina nafasi zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Hatari nyingine haionekani. Maji yanayopita juu ya kalavati huanza kwa kula udongo wa pembeni, kisha wa chini. Juu ya maji barabara inaonekana imenyooka, kumbe chini yake nusu imekwishaondoka. Kwa sababu hiyo kanuni haina mjadala: kama maji yana mkondo na huioni barabara chini yake, simama. Usimtume utingo aingie kupima kina kwa miguu. Mkondo unaoweza kubeba gari hautashindwa na mtu, na kando ya Malagarasi kuna mamba. Vijito vingi vya milimani hupungua ndani ya saa chache baada ya mvua kukatika kwenye chanzo. Mto mkubwa wa tambarare hautapungua leo wala kesho, na hapo uamuzi wa busara ni kugeuza.

Mlima, giza na saa ya jua

Kigoma mjini na Ujiji ziko ukingoni mwa ziwa ambalo uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Manyovu ziko juu zaidi, kwenye nyanda za milima za Buha. Anayetoka huko kwenda ziwani anateremka mamia ya mita. Dereva anayetelemka kwa kukanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinapoteza nguvu. Anayejua kazi huingiza gia ya chini kabla ya mteremko, akaiacha injini izuie gari. Asubuhi milima hiyo inaweza kuwa na ukungu, na barabara iliyokuwa wazi jana jioni haionekani mita 50 mbele.

Kuna jambo ambalo wageni kutoka mashariki hawalitarajii: jua la Kigoma. Nchi nzima hutumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, na kila nyuzi ni dakika 4. Jua huchomoza Kigoma karibu dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Anayeondoka Ujiji saa 12 kamili asubuhi, akidhani kunapambazuka, anaanza safari gizani. Jioni faida iko upande wake, kwa kuwa mwanga hukaa hadi karibu saa 1. Lakini anayekwenda mashariki hupoteza faida hiyo kidogo kidogo kadiri anavyosonga, na giza humfikia mapema kuliko alivyozoea.

Giza lenyewe lina watu ndani yake. Kuna baiskeli zilizobeba madumu ya mawese bila taa wala kiakisi, wanafunzi wanaorudi, mbuzi, na magari mabovu yaliyoachwa njiani. Tanzania tuna ishara inayojulikana na kila dereva: matawi yaliyotandazwa barabarani maana yake mbele kuna gari limekwama. Ni ishara nzuri mchana. Usiku, kwa dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa, matawi yanaonekana wakati mita 33 za kwanza zimekwisha kuliwa. Kama hesabu yako inaonyesha kwamba kipande kibovu kitakukuta usiku, lala mji uliopo kabla yake. Kibondo, Kasulu, Uvinza na Kaliua zote zina nyumba za kulala wageni, na bei ya chumba ni ndogo kuliko bei ya winchi.

Pwani ambako barabara inakoma

Anayetazama ramani ya Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673, hudhani kwamba vijiji vya pwani vimeunganishwa na barabara ya ufukweni. Sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania haina barabara ya namna hiyo, kwa sababu milima ya Bonde la Ufa inaingia ziwani bila kuacha nafasi. Hifadhi ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, hufikiwa kwa boti. Mahale, kusini, ina Mlima Nkungwe wenye urefu wa mita 2,462 na haina barabara ndani yake. Anayekwenda vijiji vya kusini kwa gari hukutana na Malagarasi tena, safari hii karibu na mdomo wake, kwenye kivuko cha Ilagala. Kivuko kina saa zake za kazi, na msafiri lazima apange safari kwa saa hizo.

Mwaka 2015 taifa zima liliona maana ya pwani isiyo na barabara. Machafuko ya Burundi yaliwaleta makumi ya maelfu ya wakimbizi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa karibu na mpaka. Lori la chakula halikuweza kufika, wala gari la wagonjwa. Kipindupindu kikazuka. Njia ya kuwatoa watu ilikuwa maji, na meli iliyobeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo ilikuwa MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma. Kila aliyepanga msaada kwa kutazama umbali kwenye ramani alilazimika kupanga upya kwa kuhesabu safari za meli.

Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Katika miaka ya 1870 maji yake yalikuwa juu kwa takriban mita 10 kuliko leo, hadi Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulipozibua njia ya kutokea. Ndiyo sababu kumbukumbu ya mvumbuzi Livingstone pale Ujiji, palipokuwa jirani na maji mwaka 1871, sasa iko mbali na ufukwe. Mwaka 1964 maji yalipanda sana tena, na mwaka 2024 yaliingia kwenye mitaa ya Bujumbura iliyo ufukweni. Kwa mhandisi hii ina maana mbili. Tambarare nyingi za pwani zilikuwa chini ya ziwa si muda mrefu uliopita, kwa hiyo udongo wake ni laini na maji yako karibu na uso. Pia barabara ya ufukweni iliyokuwa kavu miaka 10 iliyopita haina hakika ya kuwa kavu mwaka huu.

Maswali ya kuuliza, na namna ya kuyauliza

Kuuliza njia kuna ufundi wake. Swali "Barabara ni nzuri?" hupata jibu la heshima: "Ndiyo, inapitika." Anayejibu anafikiria pikipiki yake. Uliza hivi: "Mvua imenyesha lini mara ya mwisho? Leo limepita gari la aina gani? Lilitokea wapi, na lilitumia saa ngapi?" Muulize dereva anayetoka upande unaokwenda, si anayeelekea huko pamoja nawe. Madereva wa malori na mabasi yanayopita njia hiyo kila wiki ndio wenye habari mpya. Ofisi ya TANROADS ya mkoa hujua barabara kuu na za mkoa zenye matengenezo au zilizofungwa. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Ukitoka barabara kuu ukaingia njia ya kijijini, umebadilisha msimamizi na kiwango cha ujenzi pia.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Beba tairi la akiba lililojaa upepo, jeki na ubao wa kuiwekea ili isizame kwenye tope, kamba imara ya kuvutia, jembe au beleshi, tochi, na maji ya kunywa ya siku nzima kwa kila mtu. Jaza mafuta mjini, kabla ya kipande kibovu, kwa sababu gari linalojikokota kwenye tope kwa gia ndogo hunywa mafuta mengi kwa kila kilomita. Mpe mtu wa nyumbani jina la mji utakaolala na saa utakayompigia. Ukinasa, usikanyage mafuta kwa hasira. Tairi linalozunguka bure linachimba kaburi lake. Teremsheni abiria na mzigo, chimbeni mbele ya tairi, tandazeni matawi au mawe, kisha dereva aondoke polepole kwa gia ya pili.

Uamuzi wa kugeuza uufanye nyumbani, ukiwa umetulia. Andika saa: "Nisipokuwa nimefika Uvinza saa 9 alasiri, nalala." Njiani akili hubadilika. Umeshatumia fedha, abiria wanalalamika, harusi ni kesho, na kila kilomita uliyokwisha kuipita inakushawishi uendelee. Sharti uliloliweka mapema linakuokoa na ushawishi huo. Abiria nao wana sehemu yao. Magari ya abiria na malori makubwa yamewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na abiria anayemhimiza dereva afidie muda uliopotea anashiriki katika kosa.

Barabara ya wanaobaki

Hadi hapa nimezungumza juu ya usalama wa msafiri. Kuna upande wa pili, nao ndio unaoniuma zaidi. Anayedharau barabara iliyoloa huiharibu. Jaribio kubwa lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 lilionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 10 huumiza lami kiasi cha mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1. Hiyo ni kwa lami. Kwenye moramu iliyojaa maji, lori moja linaweza kuchora mifereji miwili ya nusu mita kwa usiku mmoja, mifereji hiyo ikajaa maji, na maji yakamaliza kazi iliyobaki. Kameruni, kwa mfano, huweka vizuizi vya mvua kwenye barabara za udongo: mvua ikinyesha, kizuizi kinashushwa, magari mazito yanasubiri kwa saa kadhaa hadi barabara ikauke. Nashauri barabara zetu za wilaya ziwe na utaratibu huo, nazo halmashauri na wenye malori wakubaliane mapema muda wa kusubiri.

Mwenye lori hupoteza siku moja. Kijiji kilichoachiwa mifereji hupoteza msimu mzima: dagaa na mawese havifiki sokoni, mwalimu hafiki shuleni, na mama mjamzito anayetakiwa kufikishwa Hospitali ya Maweni mjini Kigoma anabebwa kwa pikipiki kwenye utelezi. Kwa hiyo unapoahirisha safari kwa sababu njia imeloa, usijione mwoga wala usiombe radhi kwa uliochelewa kuwafikia. Umelinda roho za uliowapakia, na umewaachia wenyeji barabara wanayoweza kupita kesho.